Shaba imeongezwa, joto limezidi: kusuka transfoma ya inveta ya kilohezi 50

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kusuka mota, niko Mwanza. Nimeunda inveta ya sola ya wati 2,000: betri za volti 48, mosifeti (swichi za kielektroniki) nne za daraja kamili, kilohezi 50, na transfoma yenye kiini cha feraiti (kauri ya sumaku) cha ukubwa wa ETD59, inayotoa kama volti 370 za DC kabla ya hatua ya mwisho ya volti 230. Praimari, koili ya upande wa betri, ina mizunguko 6 ya nyaya mbili za mm 3 zilizolazwa pamoja, tabaka moja. Sekondari, koili ya upande wa volti za juu, ilikuwa mizunguko 54 ya waya wa mm 1, tabaka mbili. Nikiweka mzigo wote, baada ya dakika chache vanishi inaanza kunuka. Nikaona waya ni mwembamba, nikasuka upya sekondari kwa waya wa mm 1.6, ikawa tabaka tatu. Sasa inaungua mapema kuliko mwanzo. Feraiti yenyewe ukiigusa kwa nje ni vuguvugu tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Umeniandikia jambo moja lililonirahisishia kazi: kwamba feraiti ni vuguvugu na shaba ndiyo inayoungua. Wengi huniambia "transfoma inachemka" bila kusema ni kipi ndani yake kinachochemka, nami hubaki kubahatisha. Basi nianze kwa kuiondoa feraiti kwenye kesi hii.

Betri zako zikijaa hufika volti 58 hivi. Mguu wa kati wa ETD59 una eneo la milimita za mraba 368. Kwa mawimbi ya mraba, kilele cha fluksi, yaani msongamano wa usumaku ndani ya kiini, unakipata kwa kugawa volti kwa zao la 4, masafa, mizunguko na eneo. Yaani 58 kugawanya kwa (4 × 50,000 × 6 × 0.000368). Jibu ni tesla 0.13. Feraiti ya nguvu kama N87 ya TDK, ikiwa na joto la nyuzi 100, hushiba, yaani hushindwa kupokea usumaku zaidi, kwenye tesla 0.39 hivi. Uko mbali sana na kushiba, na kiini kizima kinapoteza wati mbili na nusu au tatu tu. Mizunguko 6 umeipigia hesabu vizuri. Usiiguse.

Shida iko kwenye shaba, na imeletwa na kanuni ambayo umeitumia miaka yote na haijawahi kukuangusha: waya mnene, ukinzani mdogo, joto dogo. Kwenye mota ya hezi 50 kanuni hiyo ni kweli tupu. Ukiipeleka kwenye kilohezi 50 inakuwa mtego, na mtego wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza mafundi wengi wameisikia. Ya pili ndiyo iliyokuunguzia transfoma.

Ya kwanza ni ngozi ya waya. Mkondo unaobadilika mwelekeo haupendi kupita katikati ya shaba. Usumaku unaozaliwa na mkondo wenyewe huusukuma ukae pembeni, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo unavyobanwa zaidi juu juu. Kwa shaba yenye joto la nyuzi 100, kina cha ngozi hiyo kwa milimita ni kama 75 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha masafa. Kwa hezi 50 unapata zaidi ya mm 10, ndiyo maana kwenye mota hujawahi kukutana na jambo hili: waya wote unafanya kazi. Kwa kilohezi 50 unapata mm 0.335. Chukua kipande cha ule waya wako wa mm 3 ukikate, utazame uso wa mkato. Theluthi moja ya milimita kutoka ukingoni ndiyo inayobeba umeme. Kiini chote cha shaba kilichobaki katikati ni uzito ulioununua kwa kilo na haufanyi kazi.

Ingekuwa hivyo tu, waya mnene ungekuwa hasara ya pesa na si kitu kingine, kwa sababu mzingo wa waya wa mm 1.6 ni mkubwa kuliko wa waya wa mm 1, na ngozi yake ni ndefu zaidi. Ungetegemea joto lipungue japo kidogo. Lakini wewe umeona limezidi. Hapo ndipo inapoingia sehemu ya pili, nami huiita athari ya ujirani.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ukishaielewa hutasuka tena transfoma ya feraiti kwa macho yaleyale. Kwenye mzigo wote praimari yako inabeba kama ampea 50. Mizunguko 6 mara ampea 50 ni ampea-mizunguko 300. Sekondari inabeba kama ampea 5.5 kwenye mizunguko 54, nayo inatoa karibu 300 zilezile kwa mwelekeo wa kinyume. Zinafutana, ndiyo maana kiini hakijui hata kidogo kwamba kuna mzigo. Ila zinafutana ukitazama kwa jumla tu. Katika ule upenyo kati ya praimari na sekondari, usumaku wa 300 zote upo, umesimama kama maji nyuma ya tuta.

Sasa sekondari yako ya tabaka tatu. Kila tabaka lina mizunguko 18, yaani ampea-mizunguko 100 hivi. Tabaka la kwanza, lile lililopakana na praimari, uso wake wa ndani unakabiliana na usumaku wa 300. Likishapita, umebaki 200. Baada ya tabaka la pili umebaki 100, na baada ya la tatu sifuri. Waya ukiwa mnene kuliko ngozi, usumaku hauwezi kuupenya, na shaba inajilinda kwa njia moja tu: inazalisha mkondo juu ya uso wake unaolingana na usumaku uliopo nje ya uso huo. Kwa hiyo tabaka la kwanza linabeba 300 kwenye uso wa ndani, na kwenye uso wa nje linabeba 200 zinazokwenda kinyume. Ukitoa, unapata 100, ambazo ndizo umeme halali unaokwenda kwenye mzigo. Ampea-mita yako ukiifunga nje itasoma hizo 100 tu. Zile nyingine zinazunguka ndani ya waya, zinapanda uso mmoja na kushuka uso wa pili, kazi yao ni kuchemsha shaba.

Joto linakwenda kwa mraba wa mkondo. Tabaka la kwanza: 300 mara 300 jumlisha 200 mara 200, unapata 130,000. La pili: 200 na 100, unapata 50,000. La tatu: 100 peke yake, unapata 10,000. Jumla 190,000. Kama kila tabaka lingebeba umeme wake halali kwenye uso mmoja tu bila kuingiliwa na jirani, jumla ingekuwa 30,000. Umelipa mara sita na zaidi. Na ile sekondari ya kwanza ya tabaka mbili? Kila tabaka lilikuwa na mizunguko 27, yaani 150: hesabu inakupa 112,500 na 22,500, jumla 135,000. Kwa kuongeza unene wa waya ulilazimika kuongeza tabaka, na kwa kuongeza tabaka ukapanda kutoka 135,000 hadi 190,000. Hilo ndilo jibu la swali lako kwa ufupi wake.

Mwaka 1966 P. L. Dowell alichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa umeme cha Uingereza fomula inayounganisha haya yote, yaani unene wa shaba, kina cha ngozi na idadi ya tabaka. Hadi leo wasanifu wa transfoma wanaanzia hapo. Nimeipitisha transfoma yako kwenye fomula hiyo kwa wimbi la kilohezi 50 peke yake. Praimari ya waya wa mm 3 inapoteza kama wati 18. Sekondari ya mm 1 inapoteza kama wati 26. Sekondari ya mm 1.6, yenye shaba mara mbili na nusu ya ile ya kwanza, inapoteza kama wati 44. Uhalisia ni mkali zaidi kidogo, kwa kuwa mawimbi ya mraba yana ndani yake kilohezi 150, 250 na kuendelea. Weka na hili pembeni yake: ETD59 ikiwa kwenye hewa tulivu hupanda joto kama nyuzi 4 kwa kila wati inayopotea. Wati 60 ni nyuzi 240 juu ya joto la chumba. Hakuna vanishi ya waya itakayovumilia hapo.

Nakumbuka miaka ya mwanzo niliwahi kufungua mashine ya kulehemu ya inveta, nikakuta transfoma imesukwa kwa kitu kama kamba ya nyuzi nyembamba mno za shaba. Nikasikitika kwamba kiwanda kimebana matumizi, nikaisuka upya kwa waya mmoja mnene, imara, wa kupendeza macho. Ilirudi siku ya pili ikiwa nyeusi, na mwenye mashine alikuwa amepoteza kazi ya geti aliyokuwa ameahidi kuikabidhi. Nilimlipa. Kuanzia hapo niliamua kuyasoma haya mambo mpaka niyaelewe, na ndiyo sababu naandika barua ndefu hivi kila fundi anaponiuliza.

Sasa tuijenge upya. Kiini kilekile, mizunguko ileile 6 kwa 54. Kinachobadilika ni mpangilio kwanza, halafu umbo la shaba.

Mpangilio: igawe praimari vipande viwili vya mizunguko mitatu mitatu. Kipande cha kwanza kikae ndani kabisa, juu yake sekondari yote, halafu kipande cha pili juu ya sekondari. Mkate, nyama, mkate. Vipande viwili vya praimari viunge mfululizo. Rudi kwenye hesabu yetu uone kilichotokea. Upenyo wa ndani sasa una 150 tu, na upenyo wa nje una 150. Kupitia tabaka tatu za sekondari usumaku unakwenda 150, 50, hasi 50, hasi 150. Joto: tabaka la kwanza 25,000, la kati 5,000, la tatu 25,000. Jumla 55,000 badala ya 190,000. Hujaongeza hata gramu moja ya shaba. Hata ungebaki na waya wako uleule wa mm 1.6, zile wati 44 zingeshuka hadi 13 hivi kwa kupishanisha tu.

Kuna watakaokwambia uunge vipande hivyo sambamba, kila kimoja kikiwa na mizunguko 6. Inawezekana, mradi sekondari iko katikati yao. Mimi napendelea mfululizo, kwa sababu mfululizo unaulazimisha mkondo uwe sawa pande zote mbili. Sambamba, mkondo unajichagulia njia. Na usije ukaweka tabaka mbili sambamba upande mmoja wa sekondari ukidhani umepunguza ukinzani: kwa masafa haya tabaka lililo karibu na sekondari litabeba karibu mkondo wote, na lililo nyuma yake litakaa bure.

Umbo la shaba, tuanze na praimari. Kwa ampea 50 na mizunguko michache hivi, tumia bati jembamba la shaba lenye upana wa mm 36, mzunguko mmoja ukiwa tabaka moja. Unene gani? Hapa naomba uangalie namba kwa makini, maana zinakwenda kinyume na mkono uliozoea mota. Bati la mm 0.2: praimari yote inapoteza kama wati 5.5. La mm 0.3: wati 5. La mm 0.5: wati 8.5. La milimita moja kamili: wati 19. Shaba mara tano, joto zaidi ya mara tatu! Kuna bonde katikati, na kwa kazi yako bonde liko kati ya mm 0.2 na 0.3. Mimi ningechukua 0.2. Ile nusu wati ya tofauti haina maana, lakini nafasi kwenye bobini, kile kibebeo cha plastiki unachosukia waya, ina maana kubwa: una kina cha milimita tisa kasoro tu, na sekondari inaitaka.

Bati likatwe kwa kisu na rula ya chuma, kisha kingo zake zisuguliwe kwa msasa laini. Pitisha kidole pole pole ukingoni. Ukisikia linakwaruza, bado. Kijiba kimoja cha shaba kisichoonekana kwa macho kinatosha kutoboa tepu baada ya mwezi wa kupanuka na kusinyaa kwa joto, na mizunguko miwili ikigusana kwenye ETD59 yenye mizunguko 6, mosifeti zote nne zinaondoka kwa mpigo. Kati ya mzunguko na mzunguko weka tepu ya poliesta yenye upana wote wa bobini, mm 41, ili izidi bati pande zote mbili.

Sekondari inahitaji nyuzi nyembamba zilizosokotwa, ambazo kimataifa huitwa litzi, kutokana na neno la Kijerumani Litzendraht. Kwa kilohezi 50, uzi wa mm 0.2 unafaa. Nyuzi 40 zinakupa milimita za mraba 1.26, zinazotosha ampea 5.5 bila kulalamika. Kwa mpangilio wa mkate nilioueleza, hesabu inatoa upotevu wa wati 4 hadi 5.

Litzi ukiikosa dukani, isokote mwenyewe, ila isokote kwa akili. Ukichukua nyuzi 40 ukazipinda zote kwa pamoja kwa drili, ule uzi ulioanza katikati utabaki katikati mwanzo hadi mwisho, na wa pembeni utabaki pembeni. Kwa umeme, fungu hilo halina tofauti kubwa na waya mmoja mnene. Kinachotakiwa ni kila uzi upate zamu yake ya kukaa ndani na zamu yake ya kukaa nje. Kwa hiyo sokota kwanza mafungu matano ya nyuzi nane nane, kisha yasokote hayo matano kuwa kamba moja. Dada zetu wanaosuka nywele wanaelewa jambo hili kuliko wahandisi wengi. Utahitaji karibu mita 6 za kamba iliyokamilika; anza na nyuzi za mita 8, ncha moja ikifungwa kwenye msumari na nyingine kwenye drili inayokwenda taratibu. Msokoto mmoja kila sentimita mbili au tatu unatosha. Ukikaza kupita hapo, vanishi inachubuka na kamba inanenepa bure.

Chanzo kingine ni majiko ya induksheni yaliyokufa. Ile koili bapa chini ya kioo ni litzi halisi. Lakini kwangua uzi mmoja kwanza: ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini, irudishe kwenye chuma chakavu.

Kulehemu ncha za litzi ni mahali pengine kazi nzuri inapoharibikia. Vanishi ya poliyurethani inayeyuka yenyewe ukitumbukiza ncha kwenye risasi iliyoyeyuka ya nyuzi 380 hadi 400. Aina nyingine za vanishi haziondoki hivyo, lazima zikwanguliwe. Fungua ncha, zitandaze nyuzi kama ufagio, hakikisha kila moja imeshika risasi. Nyuzi kumi zisiposhika, una kamba ya nyuzi 30 bila kujua.

Kati ya praimari na sekondari, kila upande, weka tabaka tatu za tepu, na uache ukingo usio na shaba pande zote za bobini. Sekondari yako ya tabaka tatu ina mizunguko 18 kila tabaka, na kamba yenye unene wa mm 1.7 hivi inachukua mm 31, kwa hiyo nafasi ipo. Nakusihi usilipuuze hili. Upande mmoja una betri ambazo mteja anazigusa akikaza bolti, upande wa pili una volti 370 za DC. Tepu hiyo ndiyo inayosimama kati yake na kifo.

Faida nyingine ya mkate ni kwamba induktansi ya kuvuja, ile inayotokana na usumaku usiounganisha praimari na sekondari, inashuka hadi karibu robo. Kwa mpangilio wako wa zamani naikadiria kuwa mikrohenri 0.37 ikitazamwa kutoka praimari. Inaonekana ndogo, lakini kwa ampea 50 inahifadhi karibu nusu mili-juli, na mosifeti zinakutana nayo mara 100,000 kwa sekunde. Sehemu yake inarudi kwenye kapasita za betri, sehemu inapiga kelele na kuruka juu ya volti ambazo mosifeti na dayodi zinaweza kuvumilia. Ukishapishanisha unabaki na mikrohenri 0.1 hivi. Lakini basi chunga nyaya za kutokea: waya ulionyooka una karibu nanohenri moja kwa kila milimita, kwa hiyo sentimita 10 za waya kutoka transfoma hadi bodi zinakurudishia mikrohenri 0.1 nyingine, na kazi yako yote imekwenda bure. Ncha za praimari ziwe bapa, fupi, ya kwenda na ya kurudi zikilaliana na tepu katikati. Kiungo cha vipande viwili vya praimari vilevile. Mkate una gharama yake pia: kapasitansi kati ya praimari na sekondari inapanda, na kelele za masafa ya juu zinavuka kirahisi zaidi kwenda upande wa betri. Kwa inveta yako gharama hiyo nailipa bila kusita.

Ukimaliza kusuka, usiwashe. Kwanza pima induktansi ya kipande kimoja cha praimari, halafu ya vipande vyote viwili vikiwa mfululizo, feraiti ikiwa imefungwa. Mizunguko ikiwa maradufu, induktansi inapanda mara nne. Ukiona mara nne, vizuri. Ukiona karibu sifuri, kipande cha pili umekizungusha kinyume, na ungekiwasha hivyo ungekuwa umefunga betri kwa njia fupi.

Kisha kuna kipimo ambacho mafundi wachache hukifanya, nacho kinaonyesha joto kabla halijatokea. Funga ncha za praimari kwa njia fupi kwa kipande kipana cha bati la shaba, ukilehemu kabisa, si kwa klipu. Weka kipimo cha LCR (mita ya induktansi, kapasitansi na ukinzani) kwenye sekondari, kwa masafa yaliyo karibu zaidi na kilohezi 50 ambayo kipimo chako kinayo, usome ukinzani wa mfululizo. Unapima kutoka sekondari kwa sababu ukinzani wa praimari ukitazamwa kutoka huko unazidishwa kwa 81, mraba wa uwiano wa mizunguko, na mili-ohmu ambazo kipimo kisingeziona zinakuwa kitu cha kusomeka. Ile transfoma yako ya mm 1.6 ingesoma karibu ohmu 2 kwa kilohezi 50. Mpya inapaswa kusoma karibu ohmu 0.3. Zidisha hiyo kwa mraba wa 5.5, unapata wati 9 na ushee, ambazo ndizo joto la shaba yako yote. Kama masafa ya karibu zaidi kwenye kipimo chako ni kilohezi 100, utasoma zaidi ya hapo, usishtuke; linganisha ya zamani na mpya kwa masafa yaleyale. Na kama ile ya zamani bado ipo nzima, ipime leo kabla hujaifumua, ili uwe na namba ya kulinganisha.

Jumlisha wati 10 za shaba na karibu 3 za feraiti: nyuzi 50 hivi juu ya joto la chumba. Mwanza mchana wa nyuzi 30, transfoma itakaa kwenye 80. Hilo ni joto zuri, maana upotevu wa feraiti kama N87 huwa mdogo kabisa ikiwa karibu na nyuzi 90 hadi 100, na hapo juu kuna nafasi ya kutosha kabla vanishi ya daraja la nyuzi 155 haijaanza kuteseka.

Wakati wa kusuka, acha kipima joto cha waya mwembamba katikati, kati ya tabaka la pili na la tatu la sekondari, kikitokea pembeni. Mkono kwenye feraiti ulikudanganya mara ya kwanza na utakudanganya tena. Anza na wati 500 kwa nusu saa, uandike joto, kisha wati 1,000, kisha zote. Joto la shaba hupanda kwa mraba wa mzigo, kwa hiyo wati 1,000 zikikupa zaidi ya nyuzi 25 juu ya chumba, simama hapo, fungua, utafute ncha ya litzi isiyoshika au nyaya za kutokea zilizo ndefu, kabla hujaupeleka mzigo wote. Na kila unapozima ili uguse chochote, subiri kapasita za volti 370 zimalizike kupitia rizista, kisha zipime kwa mita. Nuru ya taa kuzimika haitoshi kuwa ushahidi.

Nitumie namba ya LCR ya transfoma zote mbili ukizipata, na joto la katikati kwa wati 1,000.